Dirisha la Mama Ersilia

Siku Halvard alipomlaza mwanawe nje kwenye baridi, mama mkwe wake alivuka ua miguu mitupu. Theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri. Kigari cha mtoto kilikuwa chini ya mtini usiobakiwa na jani hata moja, na ndani yake Nives, kitoto cha miezi mitano, alikuwa amefunikwa gubigubi, pua nyekundu, amelala usingizi wa pono. Kwao Halvard, kaskazini kabisa mwa Norwe, watoto wote hulala hivyo. Hewa ya baridi hukomaza mapafu. Mama yake alimwambia, na mama yake naye aliambiwa na wa kwake. Lakini hapa Collefosco, juu milimani Abruzzo, jambo hilo lina jina moja tu, nalo ni kuua.

Mama Ersilia hakupiga kelele. Alimnyanyua mjukuu wake, akamtia ndani ya sweta yake mwenyewe, akarudi kwake upande wa pili wa ua. Halvard alimfuata akicheka, akimweleza kwa Kitaliano chake cha kuungaunga kwamba mtoto hana neno. Alimkuta mama mkwe ameketi mbele ya jiko la kuni, nyayo zimeiva kama nyanya, anampulizia mtoto vidole.

"Wewe ni baba mzuri, Alvaro," alimwambia. "Ila akili zako ziliganda huko kwenu, na bado hazijayeyuka."

Hakuna mtu Collefosco aliyewahi kulitamka jina la Halvard sawasawa. Mwanzo wake uliwashinda, wakaukata. Mwisho wake wakauona mkavu, wakaulainisha. Wakabaki na Alvaro, na mwenyewe akalipenda. Alikuja kumfuata mke wake, Mirella, aliyekutana naye mjini Bologna, akafungua karakana ya useremala kando ya ua wa mama mkwe, akawa fundi wa milango na madirisha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa dirisha la chumba cha kulala cha Mama Ersilia. Lile la zamani lilikuwa likipitisha upepo kama kikapu. Alitengeneza jipya la mwaloni, vioo viwili viwili, likaziba hivi kwamba hata ukiweka mshumaa ukingoni mwake, moto hautikisiki. Mama Ersilia aliuwasha mshumaa huo mwenyewe, akauangalia kwa muda mrefu, kisha akampikia mkwewe chakula cha sikukuu siku isiyo sikukuu.

Maana adui wa yule mama alikuwa upepo. Si tufani inayong'oa miti, hiyo kila mtu anaiona ikija. Ni ule upepo mwembamba unaopita chini ya mlango bila kubisha hodi. Kuna wa shingo, kuna wa kiuno, kuna wa tumbo, na kuna ule mbaya kuliko zote, wa kichwa chenye nywele mbichi. Ukitoka jasho, usisimame. Ukioga, usitoke. Fulana ya sufu haivuliwi kabla ya Mei hata jua likuchome, na Mei yenyewe uulize kwanza. Kila mwaka baridi ilipokaribia, Mama Ersilia alimfumia Halvard fulana mpya, mikono mirefu kupita kiasi, kwa kuwa mkwe huyu alikuwa mrefu kuliko milango ya mji. Kila mwaka Halvard aliipokea, akambusu mashavu yote mawili, akaenda kuitia kabatini. Ilikuwa ikimwasha. Usiku yeye na Mirella walilala dirisha wazi, na asubuhi Mama Ersilia akilitazama dirisha hilo kutoka jikoni kwake alifanya ishara ya msalaba.

Halvard naye aliwahi kumletea zawadi moja iliyompendeza kweli. Ilikuwa shali ya kijivu, aliyoifuma mama yake Halvard kwa sufu ya kondoo wa kwao. Mama Ersilia aliivuta, akaisugua kwa vidole, kisha akaiweka mdomoni na kuipuliza, kiganja chake kikiwa upande wa pili, apate kujua kama pumzi inapita. Haikupita.

"Kumbe kwenu mnaijua baridi," alisema. "Sasa mbona mnatembea uchi?"

Tangu hapo, kuanzia Oktoba hadi Mei, shali ile haikumtoka shingoni.

Halvard alikuwa mcheshi, na mcheshi ugenini hakosi pa kula. Kila kitu cha hapa kilimchekesha na alijua kukisimulia. Kwenye baa ya Osvaldo walimzunguka wakimtaka aanze. Alisimulia siku aliyoagiza kahawa ya maziwa, ambayo hapa hunywewa asubuhi tu, baada ya chakula cha mchana, Osvaldo akainama na kumuuliza kwa sauti ya chini kama tumbo linamsumbua. Alisimulia watu wa hapa wanavyoagana: wanaagana mezani, wanaagana mlangoni, wanaagana tena garini, na gari likishawashwa ndipo mmoja anakumbuka habari za shangazi aliyevunjika nyonga, wote wanashuka upya. Alisimulia Mirella anavyopiga pasi hadi vitambaa vya kufutia sahani, kana kwamba sahani zinakwenda kanisani. Akasimulia sebule ya mama mkwe, iliyofungwa kwa ufunguo, viti vimevikwa mashuka, kabatini vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Na tangu nyumba ile ijengwe, waliokaribishwa humo ni daktari, padri, na jeneza la baba mkwe. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mtu hachukii kuchekwa na anayempenda, na hawa walijua Halvard anawapenda. Hata Mama Ersilia alijua. Alimwita mpumbavu wangu, na kila alipomwita hivyo alimwongezea chakula.

Nives alikuwa ameshaanza shule mwaka ule balaa lilipotokea. Siku ya Mtakatifu Martino, mvinyo mpya unapofunguliwa na njugu za msituni zinapochomwa kwenye makaa uwanjani, padri alimwomba Halvard apande juu ya mkokoteni awachangamshe watu. Ilikuwa alasiri ya jua jepesi, mabenchi yamejaa. Mama Ersilia aliketi mstari wa mbele pamoja na Iolanda, jirani yake wa tangu utotoni, shali shingoni, mjukuu ubavuni.

Halvard alianza na kahawa, akaenda kwenye kuagana, akapitia sebuleni. Halafu akachukua kitambaa cha meza, akajizungushia shingoni, akaukunja mgongo wake mrefu, akawa anatembea juu ya mkokoteni akitikisa kidole, akinusa pembe zote kuutafuta upepo ulikojificha. Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama Ersilia mwenyewe alicheka, ncha ya shali mdomoni. Angeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mvinyo ulikuwa umempanda, na kicheko cha watu kinalevya kuliko mvinyo. Wahenga hawakukosea waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

"Kwetu watu wanakufa kwa ugonjwa, kwa uzee, kwa pombe," alisema. "Collefosco hakuna ugonjwa, jamani. Nendeni makaburini mkaulize. Wote wameuawa na upepo. Muulizeni daktari wetu, mama mkwe wangu. Kila maiti pale ana dirisha lake lililoachwa wazi, na mjinga wake aliyeliacha."

Kicheko kilianza nyuma, kikafika katikati, kikakatika. Watu wa mstari wa mbele walikuwa wakitazama chini. Padri alichungulia ndani ya kikombe chake kama aliyeona nzi. Mama Ersilia aliinuka, akaushika mkono wa Nives na kuutia katika mkono wa Iolanda, akaelekea nyumbani peke yake, polepole, akipita kando ya makaa. Halvard alibaki juu ya mkokoteni na kitambaa chake shingoni, asijue amefanya nini.

Mirella hakumtazama mpaka walipofika nyumbani. Huko akaanza kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Halafu akamwambia habari za Nunzio.

Halvard alimjua Nunzio. Alimjua kwa picha iliyokuwa juu ya kabati la vyombo jikoni kwa mama mkwe, mtoto wa miaka mitatu aliyekumbatia mpira mkubwa kuliko kichwa chake. Alijua ni kaka yake Mirella, aliyefariki kabla Mirella hajazaliwa. Miaka yote alikula mbele ya macho ya mtoto yule, na hakuwahi kuuliza kilichomuua. Sasa aliambiwa. Mtoto alishikwa na homa, akawa anaungua. Mama yake, binti mbichi bado, alifungua dirisha ili apate nafuu, akaketi kitandani kumpepea, na usingizi ukamchukua. Alipoamka, theluji ilikuwa imeingia hadi sakafuni. Wiki haikuisha, homa ya mapafu ikaondoka na Nunzio.

"Daktari alimwambia siyo dirisha," Mirella alisema. "Padri alimwambia. Baba alimwambia mpaka anaingia kaburini. Mtoto alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, angekufa hata wangemfungia ndani ya tanuri. Lakini Mama anajua anachokijua. Huyo mjinga wako aliyeacha dirisha wazi ni yeye, Alvaro. Umemtaja mbele ya mji mzima."

"Mji mzima unajua?"

"Mji mzima."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unacheka, na sisi tulipenda ucheke."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kulipokucha Halvard alivuka ua kwenda kuomba radhi. Alikuwa amezoea kuingia kwa mlango wa jikoni bila hata kubisha. Safari hii Mama Ersilia alikuwa akimngoja kwenye mlango wa mbele, nguo ya Jumapili mwilini, shingo tupu. Alimkaribisha kwa mkono, akatangulia, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua sebule. Mashuka yalikuwa yameondolewa kwenye viti. Alimketisha pale anapoketi daktari, akamletea kahawa katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu.

"Karibu, Bwana Halvard," alisema.

Alilitamka jina lote, mwanzo hadi mwisho, bila kujikwaa. Kumbe miaka yote hiyo aliliweza.

Halvard alisema yote aliyokuja nayo. Kwamba hakujua. Kwamba kutojua kwake si udhuru, maana hakuuliza. Kwamba mjinga pekee aliyekuwapo uwanjani siku ile alikuwa juu ya mkokoteni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mama Ersilia alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Hukusema uongo, Bwana," alijibu. "Na watu walicheka. Ni vizuri watu wakicheka." Kisha akamsogezea kibakuli. "Sukari unaweka vijiko vingapi?"

Alikuwa amempikia kahawa kila siku tangu harusi, na alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba Halvard haweki sukari.

Hiyo ndiyo ikawa adhabu. Hakumnunia, hakumsema kwa majirani, hakumnyima chakula. Alimheshimu. Jumapili alimpakulia wa kwanza, kipande kizuri kuliko vyote, na Halvard akisema ameshiba, basi ameshiba, sahani inaondolewa. Katika mji ule mtu asiyelazimishwa kuongeza ni mtu asiye na kwao. Halvard alirudi nyumbani na tumbo lililojaa akijisikia kama mtu aliyelala njaa. Fulana ya sufu ya mwaka huo haikuja. Shali ya kijivu nayo haikuonekana tena. Mama Ersilia alikwenda kanisani na kitambaa cheusi chembamba, na yule aliyekuwa akizicheka shingo zilizofungwa sasa aliitazama shingo ile kwa hofu, upepo wa Desemba ukishuka kutoka mlimani.

Akaona dawa ni kumchokoza. Asubuhi moja alitia kichwa chake kwenye ndoo ya maji, akatoka nje na shati moja, nywele zikichuruzika, akawa anapanga mbao mbele ya dirisha la jiko la mama mkwe. Akazipanga, akazipangua, akazipanga tena. Masharubu yalianza kushika barafu. Tusi moja tu kutoka ndani ya jiko lile, na angemshukuru Mungu kwa magoti. Hatimaye dirisha lilifunguka kidogo.

"Habari za asubuhi, Bwana Halvard," Mama Ersilia alisema. "Kazi njema."

Dirisha likafungwa. Siku ya pili Halvard alikuwa kitandani, meno yanagongana, homa imempanda hadi anaweweseka kwa lugha ya kwao. Mirella alimbadilishia vitambaa vya maji kwa hasira na huruma pamoja, akamwambia hajapata kuona mtu mzima anayetafuta kugombezwa kama mtoto anayetafuta peremende. Jioni Iolanda alileta sufuria ya mchuzi wa kuku iliyofungwa kwa taulo. Alikuwa ametumwa aseme kwamba huo ni wa yule bwana mgonjwa. Halvard aliunywa wote.

Alipopona alianza kulala dirisha limefungwa. Mirella alishangaa. Halvard alifungua kabati, akazitoa fulana zote za sufu, mpya kama siku zilipofumwa, akavaa ya mwaka uliopita. Ilimwasha kuanzia shingoni hadi kiunoni, naye akaiacha imwashe.

Baada ya Krismasi moyo wa Mama Ersilia ulianza kuchoka. Daktari alilieleza jambo hilo sebuleni, kikombe cha dhahabu mkononi, na hakumaliza kahawa yake. Ngazi zilimshinda mgonjwa, basi kila siku Halvard alimbeba kumshusha jikoni na kumpandisha chumbani. Alikuwa mwepesi kama kapu la nguo. Kila alipowekwa chini alimwambia asante, Bwana, na kila mara Halvard alitamani amwangushe kidogo, apate angalau kufokewa. Alipasua kuni, akachochea moto, akaziba kwa gundi ufa wa mlango ambao hata panya asingeuona. Osvaldo alipomwomba asimulie kitu baani, alisema amesahau vichekesho vyote.

Alichokitaka kilikuwa kidogo na kinajulikana. Alitaka aitwe Alvaro mara moja kabla haujafika wakati. Alitaka aambiwe ajifunge shingo.

Alasiri moja ya Februari, wakati wa mapumziko baada ya chakula, madirisha ya mji mzima yamefungwa na barabara haina hata paka, Halvard alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mama mkwe. Mirella alikuwa amejilaza chumba cha pili. Mama Ersilia alikuwa macho, akiutazama ukosi wa fulana ya sufu uliochungulia kwenye shati la mkwewe. Halvard aliona anaiangalia, akafungua kifungo kimoja ili aione vizuri zaidi.

"Nimeivaa, Mama," alisema. "Naivaa kila siku."

Mkono wa mgonjwa ulitoka chini ya blanketi, ukaishika ile sufu, ukaisugua kati ya vidole viwili kama anavyofanya sokoni.

"Sufu nzuri, Bwana," alisema. "Nani alikufumia?"

Halvard hakujua kama akili za mama zilikuwa zimeanza kutangatanga, au kama bado anamwadhibu. Hakuthubutu kuuliza, na mwenyewe aliona kwamba hilo ndilo kosa lake lilelile, la kutouliza.

"Mama yangu," akasema.

Mama Ersilia alifumba macho. Vidole vilikaa pale pale kwenye ukosi mpaka usingizi ulipovilegeza, na Halvard hakusogea hata mgongo ulipomuuma. Alidhani siku nyingine watayamaliza maongezi yale. Haikuja siku nyingine kama ile. Baada ya hapo mgonjwa alilala zaidi kuliko alivyoongea, na akiongea ni na Mirella, au na watu waliokwisha kufa.

Alifariki mwezi Machi, asubuhi. Halvard alikuwa anaoga. Alisikia Nives akimwita kutoka uani kwa sauti ambayo hakuijua, akavaa suruali na fulana juu ya mwili wenye maji, akavuka ua mbio, nywele zikimdondokea machoni. Alipofika chumbani Mirella alikuwa ameketi kitandani ameushika mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili. Iolanda alikuwa tayari amefika, kama wafikavyo majirani, kabla hajaitwa. Alifumba macho ya rafiki yake, akasali kwa kifupi, kisha akalifuata dirisha la mwaloni, akazungusha kitasa na kulifungua wazi kabisa. Ndivyo ifanywavyo Collefosco mtu anapokata roho, na ilifanywa hivyo kabla ya mababu zao.

Upepo wa mlimani uliingia wote kwa pamoja. Pazia liliruka. Nywele nyeupe za Mama Ersilia zilitikisika kwenye mto, na shuka likafunuka shingoni.

Halvard alivuka chumba kwa hatua mbili akalibamiza dirisha.

Iolanda alimtazama kama mtu aliyeingia kanisani na kofia. "Fungua, Alvaro," alisema. "Roho itapita wapi?"

"Atapigwa na upepo."

"Mwanangu, amekufa."

"Najua amekufa. Ana shingo tupu."

Mwaka uliopita maneno hayo yangeuchekesha mji hadi Pasaka. Hakuna aliyecheka. Halvard alikuwa amesimama mgongo dirishani, mikono amenyoosha huku na huku, maji yakimtiririka mashavuni, ya kuoga na ya macho, na ilionekana wazi kwamba hata wangekuja wanaume wanne wasingemwondoa hapo. Alisema, bila kuangalia mtu, kwamba dirisha lile alilitengeneza lizibe, na mama aliliwashia mshumaa, na yeye hatalifungua mama akiwa hivyo.

Mirella aliinuka. Alikwenda kwenye kabati, akapiga magoti, akavuta droo ya chini kabisa, ile ambayo kila mama wa makamo katika mji ule huiweka tayari na haifungui bila sababu, yenye nguo za kuzikiwa. Kulikuwa na gauni jeusi, soksi ambazo hazijavaliwa, viatu vilivyopigwa rangi, rozari. Juu ya vyote hivyo, imefuliwa, imekunjwa, ina harufu ya dawa ya nondo, ilikuwa shali ya kijivu.



"Aliiweka Krismasi," Iolanda alisema. "Nilimsaidia kupanga. Nikamwambia, Ersilia, hiyo si ya yule mkwe wako? Umemsamehe? Akaniambia nisimsumbue na maswali ya padri. Akasema kule makaburini kuna upepo, na hajaona sufu nyingine inayouzuia."

Basi ikabaki hivyo. Hakuna aliyeweza kumwambia Halvard, wala hataambiwa mpaka naye aende huko, kama ule ulikuwa msamaha au ilikuwa ni sufu nzuri tu. Mirella alimpa shali mkononi. Yeye aliiinua mdomoni, akaweka kiganja upande wa pili, akaipuliza. Pumzi haikupita. Akapiga magoti kando ya kitanda, akakinyanyua kichwa cha mama mkwe taratibu kama anavyonyanyuliwa mtoto mchanga, akamfunga shali shingoni, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, akazificha ncha kifuani, akapapasa kwa vidole pande zote kuona kama kuna nafasi iliyobaki.

Halafu alirudi dirishani. Alishika kitasa alichokichonga mwenyewe, akakaa nacho kidogo, akafungua.

Upepo ukaingia tena, ukapita juu ya kitanda, na haukutikisa kitu shingoni pale. Iolanda alianza kusali. Halvard alibaki amesimama kwenye dirisha lililo wazi akitazama ua, mtini, mahali kilipokuwa kigari cha mtoto siku ile ya theluji. Baridi ilimwingia kichwani hadi kwenye fuvu. Hakuondoka. Alikuwa akingoja, ingawa alijua hakuna tena cha kungoja, na aliyemtarajia amseme alikuwa nyuma yake amelala.

"Alvaro."

Ilikuwa sauti ya Mirella, aliyekuwa akilala naye dirisha wazi miaka yote na kucheka pamoja naye. Ilitoka imekauka, na ndani yake kulikuwa na ukali ambao hakuwahi kuusikia kwa mke wake. Aliutambua mara moja ulikotoka.

"Nywele zako mbichi. Ondoka hapo dirishani, nenda kakae kwenye moto. Unataka nikuzike na wewe?"

Halvard alishuka jikoni. Nives alikuwa pale mbele ya jiko, akampisha. Aliketi kwenye kiti cha mama mkwe, akajifunika taulo kichwani, akazikausha nywele zake kwa utiifu mpaka zikakauka kabisa, na chini ya lile taulo alilia hadi sauti ikamwisha.